Daktari wa wagonjwa ambao hajawaona



Barua ya wiki hii imetoka Isongole, wilayani Ileje, mkoa wa Songwe, pale ambapo lami inayotoka Mpemba hukoma na ng'ambo ya mto huanza Malawi. Mwandishi wake ni mama wa watoto wanne. Binti yake wa pili amefaulu vizuri masomo ya sayansi kidato cha nne, na amechaguliwa kuendelea na Fizikia, Kemia na Biolojia. Hadi hapo nyumba ilikuwa na furaha. Mvutano ulianza binti alipotamka kwamba anautaka udaktari, ila si ule wa kukaa chumbani na kuandika dawa. Anataka kuchunguza magonjwa ya kuambukiza: yanatoka wapi, yanapita njia gani, yanazuilika vipi.

Baba yake mdogo, ambaye ndiye aliyebeba ada tangu baba mzazi alipotangulia mbele ya haki, hakupendezwa. Kwa maoni yake, afadhali binti asome famasia, miaka mitatu awe na stashahada yake, kisha afungue duka la dawa pale pale mpakani ambako biashara ipo. Akaongeza neno ambalo ndilo lililomfanya mama ashike kalamu: kwamba watafiti wa chanjo huwatumia watoto wa maskini kama panya wa maabara, na Mwislamu hapaswi kuwa na mkono katika jambo hilo.

Mama anauliza mambo mawili. Je, hiyo ni kazi kweli? Na je, ni halali?

Nianze kwa kusema kwamba baba mdogo si mtu wa kubezwa. Anayelea mayatima wa nduguye anabeba amana nzito, na hofu yake ina sababu, kama nitakavyoeleza. Hata hivyo, kwa hukumu aliyoitoa sikubaliani naye, na nitajitahidi kuonyesha kwa nini.

Kwanza tutazame mahali barua ilipotoka. Isongole iko mpakani, na ugonjwa hauombi kibali cha kuvuka mpaka. Walambya na Wandali wana ndugu pande zote mbili za Mto Songwe. Watu huvuka kwenda arusini, mazikoni na sokoni. Mwezi Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja wa Lilongwe amepooza kwa polio ya asili, wakati bara zima la Afrika lilikuwa limethibitishwa kuwa huru na polio hiyo tangu Agosti 2020. Wataalamu wa maabara walivichunguza virusi vile, wakasoma nasaba yao kama sisi tunavyosoma nasaba ya mtu, wakagundua kwamba vilikuwa na asili ya Pakistan. Mwezi uliofuata, kampeni ya matone ilianza Tanzania katika mikoa minne inayopakana na Malawi: Songwe, Mbeya, Njombe na Ruvuma. Wahudumu wakapita nyumba kwa nyumba. Bila shaka mama yetu anawakumbuka wakibisha hodi.

Je, amepata kujiuliza ni nani aliyeamua kwamba waanzie Songwe na si Tanga? Ni nani aliyejua kwamba mtoto mmoja akipooza, huenda wapo wengine wengi waliobeba virusi hivyo bila dalili yoyote? Huyo ndiye daktari ambaye binti anataka kuwa. Wagonjwa wake wengi hatawaona kwa macho, na akiifanya kazi yake sawasawa, hawataugua kabisa.

Mwaka huohuo Malawi ikaingia katika kipindupindu kibaya kuliko vyote katika historia yake, kikaua watu zaidi ya 1,700 kabla ya kutulia mwaka 2023. Kipindupindu kina historia ndefu ya kufuata njia za watu katika pande zetu hizi. Wakati wa mlipuko wa 1869 hadi 1870 uliofagia Unguja, alikuwapo kisiwani tabibu Mskoti, James Christie, aliyemhudumia pia Sultani. Hakutosheka na kutibu. Alikaa na wafanyabiashara wa misafara, manahodha na mahujaji, akawauliza mmoja mmoja waliona nini, wapi, na lini. Kwa maelezo yao akachora njia ya ugonjwa kutoka pande za Bahari ya Shamu, kupitia bara na nchi ya Wamasai, hadi Pangani na kisha Unguja, akayachapisha katika kitabu mwaka 1876. Hakuwa na maabara ya kumwonyesha kimelea. Alikuwa na masikio na subira ya kuuliza. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa epidemiolojia leo.

Wala si elimu ngeni katika Uislamu. Kila aliyepita madrasa amesikia mafundisho ya Mtume (rehema na amani zimshukie) kuhusu tauni: mkisikia imeingia katika nchi msiende huko, na ikiwakuta ndani yake msitoke mkiikimbia. Wengi tunaikumbuka hadithi hiyo, lakini tunasahau namna ilivyotumika. Sayyidna Umar (Allah amridhie) alikuwa njiani kwenda Sham alipopata habari ya tauni. Akafanya mashauriano na Muhajirina, kisha Ansari, na wakatofautiana, kisha wazee wa Kikureshi, ambao kwa kauli moja walimshauri arudi. Alipoamua kurudi, Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, naye akamjibu kwa maana kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine, zote za Allah. Baadaye ndipo Abdurrahman bin Auf alipofika na kuwajulisha hadithi yenyewe. Tauni hiyo ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria, ilimchukua Abu Ubayda na Muadh bin Jabal. Ilipomfikia Amr bin al-As jukumu la uongozi, aliwaamuru watu watawanyike milimani, na ugonjwa ukaondoka.

Nikirudi kwenye swali la uhalali, nadhani mwenye neno zito zaidi ni Imam Ghazali. Katika Ihya yake aliuweka utabibu katika faradhi za kutoshelezana, zile ambazo zisipotekelezwa na yeyote, umma wote unabeba dhambi. Akalalamika kwamba miji mingi haina tabibu ila asiyekuwa Mwislamu, ilhali vijana wanasongamana kusoma mijadala ya fiqhi kwa kuwa huko kuna vyeo na umaarufu. Aliyasema hayo zaidi ya miaka 900 iliyopita. Sitaki kumwekea maneno mdomoni, lakini nashuku angetuuliza sisi pia maswali fulani.

Sasa nije kwenye mfano wa hapa nyumbani, maana binti wa Isongole hahitaji kuelezwa habari za Geneva kabla hajaelezwa habari za Ifakara na Bagamoyo.

Dk. Salim Abdulla ni daktari wa binadamu Mtanzania aliyeongeza elimu ya epidemiolojia hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi. Alifanya kazi Ifakara, bonde la Kilombero, katika taasisi ambayo mizizi yake ni maabara ndogo iliyoanzishwa na Waswisi mwaka 1957 na ambayo sasa ni Taasisi ya Afya Ifakara. Baadaye akaja kuwa mkurugenzi wake. Kilombero ni nchi ya mpunga na mafuriko, na mbu huko hawana msimu wa mapumziko. Mtoto wa bonde lile katika miaka ya 1990 alikuwa akiugua malaria mara kwa mara, damu ikipungua kila mara, hadi siku moja homa ndogo inammaliza.

Kabla ya kazi ninayotaka kuieleza, Ifakara ilikuwa imepitia somo chungu. Mwaka 1992 chanjo iliyobuniwa na mwanasayansi wa Colombia, Manuel Patarroyo, ililetwa kujaribiwa katika kijiji cha Idete. Matokeo ya mwaka 1994 kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano yalionyesha kinga ya asilimia 31, na dunia ikachangamka. Ikajaribiwa kwa watoto wachanga. Mwaka 1999 matokeo yakaonyesha kwamba haikuwakinga. Watafiti wakachapisha hivyo hivyo, chanjo ikawekwa kando. Naomba msomaji asiipite haraka habari hii. Watu walikuwa wametumia miaka, fedha na majina yao, kisha wakasimama hadharani kusema haifanyi kazi.

Njia nyingine ilikuwa rahisi na haikuwa na utukufu wowote: chandarua. Kuanzia 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga uliendeshwa mradi wa kuuza vyandarua kwa bei nafuu pamoja na dawa ya kuchovya, kwa jina la Zuia Mbu. Wakati huo chandarua hakikutoka kiwandani kikiwa na dawa. Mama alikichovya mwenyewe kwenye beseni, akakianika, na baada ya miezi akarudia. Swali la kitafiti lilikuwa hili: chandarua kinachouzwa dukani na kutumiwa na watu wa kawaida, wasiosimamiwa na mtafiti, kinaokoa watoto kweli? Dk. Salim na wenzake walipima watoto wa chini ya miaka 2, wakachoma kidole, wakahesabu damu na vimelea, na mwaka 2001 wakachapisha majibu katika jarida la madaktari wa Uingereza. Katika miaka miwili, nyumba zenye vyandarua zilipanda kutoka asilimia 58 hadi 83. Watoto wenye upungufu mkubwa wa damu walishuka kutoka asilimia 49 hadi 26. Na utafiti mwenza wa mwaka huohuo ulionyesha kwamba uhai wa watoto waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa uliongezeka kwa asilimia 27.

Mama yetu wa Isongole, kama una chandarua cha dawa ulichopewa kliniki ulipokuwa mjamzito, fahamu kwamba kilianzia katika hesabu kama hizi. Serikali na wafadhili hawatoi mamilioni kwa sababu jambo linaonekana jema. Wanataka kuonyeshwa idadi.

Kisha ikaja chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Maabara ilianza kuitengeneza mwaka 1987. Bagamoyo, ambako Taasisi ya Ifakara ina tawi, Dk. Salim aliongoza jaribio la watoto wachanga 340 waliopewa chanjo hiyo pamoja na chanjo zao za kawaida. Matokeo yakatoka Desemba 2008 na yalitia moyo. Mei 2009 jaribio kubwa la mwisho likazinduliwa hapohapo Bagamoyo, likaenea katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, kimojawapo kikiwa Korogwe, na kuhusisha watoto zaidi ya 15,000. Matokeo ya mwisho ya mwaka 2015 yalikuwa ya unyenyekevu: kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, matukio ya malaria yalipungua kwa asilimia 36 katika muda wa takriban miaka minne. Kwa wachanga zaidi, asilimia 26.

Asilimia 36! Nakumbuka watu waliocheka. Lakini fanya hesabu ya bonde ambalo mtoto anaugua mara kadhaa kwa mwaka, uone ni homa ngapi zimeondoka. Shirika la Afya Duniani nalo halikukurupuka; lilitaka kwanza chanjo itolewe kwa majaribio katika huduma za kawaida za nchi tatu. Ya kwanza kuanza, Aprili 2019, ilikuwa Malawi, jirani yenu wa ng'ambo ya mto, zikifuata Ghana na Kenya. Oktoba 2021 ndipo shirika hilo likaipendekeza rasmi. Tathmini iliyotangazwa mwaka 2023 ilionyesha vifo vya watoto waliostahili chanjo vikipungua kwa asilimia 13. Kutoka maabara hadi idhini, miaka 34. Aliyeanza kazi hiyo akiwa kijana amestaafu sasa.

Na mnyororo haukukatika. Chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa Oktoba 2023, nayo ilijaribiwa Bagamoyo, safari hii upande huo ukiongozwa na Dk. Ally Olotu, ambaye awali alifanya kazi Kilifi, Kenya. Huko aliongoza andiko la mwaka 2016 lililofuatilia watoto waliopewa dozi tatu za RTS,S kwa miaka saba na kuonyesha wazi kwamba kinga hupungua kadiri miaka inavyopita. Angeweza mtu kutamani habari kama hiyo ikae kabatini. Ikachapishwa, na ndiyo maana leo dozi ya nne inasisitizwa.

Nimefika kwenye neno la baba mdogo: panya wa maabara.

Hofu hii haikutoka hewani. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi mamia waliokuwa na kaswende waliachwa bila tiba ili wataalamu watazame ugonjwa unavyokwenda, hata baada ya penisilini kupatikana. Karibu zaidi na sisi kwa imani, mjini Kano, Nigeria, mwaka 1996, wakati wa mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya kwa kundi la watoto 200, nusu wakipewa dawa hiyo na nusu dawa iliyozoeleka. Watoto 11 walifariki. Familia zikadai hazikuelezwa ipasavyo kwamba ni jaribio. Kampuni ilikana kosa, ikisema vifo vilitokana na ugonjwa, lakini mwaka 2009 ikafikia suluhu ya dola milioni 75 na serikali ya jimbo. Jeraha hilo lilikuwa na gharama nyingine. Mwaka 2003 Kano ilisimamisha chanjo ya polio kwa sababu watu hawakuamini tena, na virusi vya kaskazini mwa Nigeria vikasambaa hadi nchi nyingi ambazo zilikuwa zimekwisha kuviondoa. Waliopooza walikuwa watoto wa Kiislamu kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo mtu akiuliza kuhusu idhini, asiambiwe ni mjinga. Ajibiwe. Katika jaribio kama la Bagamoyo, hakuna mtoto anayeguswa kabla kamati ya maadili ya taasisi, kamati ya taifa na mamlaka ya dawa hazijapitia kila ukurasa wa mpango. Mzazi anaelezwa kwa Kiswahili, anapewa karatasi aende nayo nyumbani amshauri mumewe au wazee. Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa mradi, kisha anaweka dole gumba. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa tiba. Watoto hugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, na si mzazi wala muuguzi anayejua nani kapata nini, ili matumaini ya mtu yasipotoshe hesabu. Na wale wa kundi la kulinganisha hawakuchomwa maji matupu: katika jaribio kubwa la RTS,S wakubwa kidogo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, na wachanga chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Ipo pia kamati huru inayofungua takwimu kwa siri na yenye uwezo wa kusimamisha jaribio lote.

Karatasi hizo zote, hata hivyo, hazina thamani kama anayezieleza si mwaminifu. Ndiyo maana nasema baba mdogo amepatia tatizo akakosea dawa. Ikiwa tunahofia kwamba watoto wetu watatendewa bila heshima, tumweke nani pale mlangoni? Nani amweleze mama wa Ileje maana ya karatasi ile kwa lugha anayoielewa, na akatae kuitia saini endapo haimridhishi? Tukiwazuia mabinti wetu wenye akili wasiingie, tunawaachia wengine wajibu na lawama. Kuhusu uhalali wa chanjo zenyewe, wanazuoni hawakunyamaza: Al-Azhar na Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ni miongoni mwa walioungana katika kundi la ushauri la Kiislamu linalohimiza chanjo ya polio.

Uaminifu huo una gharama yake pia, na ni vizuri binti aijue mapema. Dk. Mwele Malecela, mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, hakuwa tabibu wa wodini. Alikuwa mtaalamu wa zoolojia aliyepata uzamivu London. Alitumia miaka mingi katika vita dhidi ya matende na mabusha, maradhi ambayo watu wa pwani waliyaona kama sehemu ya uzee na kuyafanyia mzaha, na wenye nayo wakajificha majumbani. Desemba 2016 aliwasilisha hadharani matokeo ya utafiti wa taasisi yake yaliyogusia virusi vya Zika. Muda mfupi tu baadaye uteuzi wake ukatenguliwa. Hakukaa chini. Akaenda Shirika la Afya Duniani, kwanza Brazzaville, kisha Geneva akiwa mkurugenzi wa idara ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, hadi alipofariki Februari 2022. Nimemtaja kwa sababu binti wa Isongole ni mwanamke, na atasikia wengi wakimwambia kwamba ngazi ile haina nafasi yake.

Tuje kwenye ada, maana barua nayo haikukwepa. Hapa baba mdogo anayo haki ya kukuna kichwa. Kidato cha tano na sita ni miaka miwili, shahada ya udaktari miaka mitano, mafunzo kwa vitendo hospitalini mwaka mmoja. Miaka minane kabla hajasajiliwa kikamilifu. Baada ya hapo ndipo aongeze shahada ya uzamili ya epidemiolojia au afya ya jamii. Famasia ya miaka mitatu italeta mkate mapema, hilo halina ubishi. Ila mikopo ya elimu ya juu ipo kwa ajili ya watu kama yeye, na yatima mwenye nyaraka kamili za kifo cha mzazi hupewa uzito katika maombi. Nyaraka hizo zitafutwe sasa, zisisubiri matokeo ya kidato cha sita. Nimeona vijana wakikwama kwa cheti cha kifo tu.

Mikoa yetu ya kusini magharibi haiko gizani. NIMR ina kituo chake cha utafiti Mbeya, ambacho kwa miaka mingi kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani, katika uchunguzi wa UKIMWI na kifua kikuu. Kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vinne vya jaribio la chanjo mbili za UKIMWI, pamoja na Dar es Salaam, Masaka ya Uganda na Durban ya Afrika Kusini. Desemba 2023 ikatangazwa kwamba uchomaji umesitishwa kwa kuwa hapakuwa na matumaini ya chanjo hizo kuzuia maambukizi. Mjini Mbeya kuna pia ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na kwa wale ambao alama zao hazitafika udaktari, nyumba ya utafiti ina vyumba vingi: mtu wa maabara, muuguzi, mtakwimu, mtaalamu wa wadudu anayejua mbu huyu anauma saa ngapi. Dk. Salim peke yake asingeweza kuhesabu damu ya mtoto hata mmoja bila hao.

Liko swali la mwisho, la mama mwenyewe, aliloliandika pembeni ya karatasi kwa herufi ndogo: binti akienda mbali miaka yote hiyo, dini yake je? Dada yangu, hofu hii ni ya kila mzazi, na duka la dawa mpakani halina kinga nayo zaidi ya chuo kikuu. Vyuoni wapo ndugu zetu wa jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu, wenye darasa, swala za jamaa na dada wakubwa wa kuwapokea wageni. Mwandikisheni huko wiki ya kwanza, na msikate mawasiliano ya simu. Suala la ndoa likija katikati ya masomo, lizungumzwe na mchumba kwa uwazi kabla ya akdi, pamoja na sharti la kumaliza shule. Fiqhi imeacha nafasi ya masharti yasiyopingana na makusudio ya ndoa, na sheikh wenu atawaongoza.

Kabla ya uamuzi wowote, nashauri baba mdogo na binti wafunge safari moja hadi Itumba, makao makuu ya wilaya, wala si mbali. Kila wilaya ina mratibu wa chanjo na mtu anayefuatilia magonjwa ya mlipuko. Wamwombe awaeleze ilikuwaje Machi 2022: nyumba zilihesabiwaje, matone yalikaaje na baridi hadi vijiji vya milimani, waliokataa walisema nini, na walijibiwa nini. Baba mdogo amuulize maswali yake yote, likiwemo lile la panya. Waende siku ya kazi, mapema asubuhi, kabla mratibu hajatoka kwenda vijijini.